Yangeyange Aliyeingia Umanjano

Mama Rangi hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni mwa karakana, mzigo wa safari ukiwa bado begani, akamkodolea macho yangeyange wake wa mti juu ya meza. Alipoondoka kwenda kumwona dada yake alimwacha ndege yule mweupe pe. Sasa aling'aa mwili mzima, na weupe wake ulikuwa umeingia umanjano, rangi ya meno ya mvuta sigara. Damu ilimchemka papo hapo.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja tu, na haikuwa sheria ngumu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Patasi, alichonga. Yeye alipaka rangi. Kinyago kilichoachwa na sura ya mti wake kilikuwa cha Patasi mpaka mwisho: alikipaka vanishi ya mafuta, ile nzito inayotia mti wekundu wa asali na kuzitokeza nyuzi zake, na hakuna aliyemwingilia. Kilichopakwa rangi kilikuwa cha Mama Rangi, nacho kilimaliziwa kwa vanishi ya maji isiyong'aa. Ile ukiiona ndani ya kopo utadhani maziwa, lakini ikishakauka huioni tena, unaona rangi yako kama ulivyoiacha. Kupaka mafuta juu ya rangi nyeupe ni kuiua, na hilo alilisema tangu hawajapata mtoto wao wa kwanza. Makopo yote mawili yalikaa rafu moja, ukubwa mmoja. Patasi hakuweza kuyatofautisha kwa harufu, maana vumbi la mbao lilishamziba pua zamani, hata chakula kikiungua aliambiwa na majirani. Ndiyo maana Mama Rangi alifunga kitambaa kwenye kishikio cha kopo lake, mtu asije akajitetea kwamba alikosea.

Na huyu hakuwa ndege wa kuuzwa barabarani. Maktaba ya mji ilimwagiza atundikwe juu ya vichwa vya wasomaji, na chini ya tumbo lake, kwa mara ya kwanza, ingewekwa alama ya Mama Rangi kando ya alama ya mumewe. Miaka yote watu walikuwa wakivipindua vinyago vyao, wakiona alama moja tu, na kusema, "Ah, kazi ya Patasi hii." Rangi ilijipaka yenyewe, bila shaka.

"Nani kamgusa ndege wangu?"

Patasi alikuwa kwenye kigoda chake, akipiga msasa mguu wa stuli. "Karibu, mke wangu. Habari za kwa shemeji?"

"Mzima. Nimeuliza ndege."

"Nimekumalizia. Nimeona kazi isiyong'aa inakuwa kama haijaisha."

"Umeona."

"Nimeona, ndiyo. Ile yako ya maji ni uji tu."

Hapo Mama Rangi akatua mzigo na kumpa vidonge vyake. Alimwambia amemgeuza yangeyange kuku wa kukaanga. Alimwambia unyoya mmoja mmoja ulikuwa na kivuli chake, rangi ya buluu kidogo sana iliyochanganywa na majivu, na sasa vivuli vyote vimezama kwenye mafuta. "Au ni ile alama?" aliuliza. "Imekuuma jina langu kukaa na lako? Si ungesema tu."

Patasi aliendelea kupiga msasa. Wapo watu ukiwagombeza wanakujibu, mnavurugana, yanaisha. Huyu silaha yake ilikuwa kunyamaza, na kwa miaka yote ya ndoa hakuna kilichompandisha mkewe mori kama kunyamaza kule.

Mama Rangi akauvuta ubao wa majaribio uliokuwa ukutani, kipande alichokipaka rangi nyeupe, nusu kikatiwa vanishi ya mafuta na nusu ya maji, ili abishaye ajionee. Akamtupia mapajani. "Haya. Nionyeshe upande mweupe."

Patasi alipitisha kidole gumba juu ya ubao. Upande mmoja kikateleza, upande wa pili kikakwama kidogo. "Huu," alisema. Alikuwa sahihi. Lakini uso wake ulielekea mlangoni.

Mama Rangi akaunyakua ubao, akaugeuza, akaushika mbele yake kwa mbali. "Na sasa?"

"Niletee hapa."

"Sema ukiwa hapo hapo."

"Unanikera sasa."

"Sema, baba."

Patasi akaweka msasa chini. Mama Rangi akakumbuka chai iliyokuwa ikimwagwa nje ya kikombe, na taa iliyolaumiwa kwamba haina nguvu ingawa ilikuwa mpya.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Ni kama ukungu."

"Na makopo unayajuaje?"

"Kwa kitambaa. Nilishika la kwanza halina, nikachukua lile jingine."

Mama Rangi aligeuka kuitazama rafu. Vishikio vyote viwili vilikuwa vitupu. Kitambaa chake kilikuwa pale sakafuni, kimefunga mdomo wa mzigo wa safari. Alikifungua koponi asubuhi ya kuondoka akiwa na haraka, kamba ya mzigo ilipokatika.

"Nilipogundua brashi inanata," Patasi alisema, "nilikuwa nimeshamaliza bawa zima. Nikaona bora nimalizie ndege mzima, uje uniite mkaidi. Ukaidi wangu umeuzoea."

Huruma ilitaka kuingia, Mama Rangi akaifukuza. Alikasirika kuliko mwanzo. "Kwa hiyo ungechonga mpaka ukate vidole?"

"Ungeninyang'anya vifaa."

"Ningekunyang'anya, nikakupeleka kwa daktari wa macho. Kesho unakwenda. Leo unamsugua huyu ndege, umtoe mafuta yako yote, nimpake upya."

"Sioni, mama."

"Vidole vyako vimekusaidia kunidanganya muda wote huu. Sasa vinisaidie mimi."

Patasi akampakata yangeyange na kuanza. Alifuata manyoya aliyoyachonga mwenyewe, bila kuharibu ukingo hata mmoja, na mkewe akamsimamia kichwani akitafuta kosa la kumsemea. Hakulipata, na hilo nalo lilimuudhi.

"Chini ya bawa hapa bado," Patasi alisema. Mama Rangi akainama. Kweli, palibaki doa linalong'aa, dogo kama ukucha, ambalo yeye na macho yake mazima hakuwa ameliona.

Hakumsifu. Alikifungua kitambaa kwenye mzigo, akakirudisha kwenye kishikio cha kopo lake, akakaza fundo mpaka vidole vikamuuma. Kisha akakusanya patasi zote za mumewe, moja moja, akazitia kabatini na kuzifungia. Patasi alisikia kufuli likibana. Mkono wake ukasimama juu ya bawa, halafu ukaendelea kusugua.