Siku Niliyomtafsiria Mgiriki

Naona afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa Mkata, maana wale wanaongeza chumvi: mimi Omari, wakati huo katibu wa timu yao ya mpira, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, niliumbuka mbele ya uwanja mzima kwa sababu ya Kiingereza nisichokijua.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yameanza kurudi mikononi mwa watu binafsi, na Korogwe wageni wanaingia na mashine zao. Nilikwenda shamba moja kuomba lori la kubebea wachezaji, karani akaninong'oneza kwamba fundi wao mpya, Mgiriki anaitwa Stavro, alicheza kiungo huko nje miaka kumi na minne. Sisi tulikuwa tumebakiza mechi moja na Magoma, tukishinda tunapanda ligi ya mkoa (sare, wanapanda wao), na kiungo wetu kateguka kifundo. Basi nikamfuata Stavro gereji, na hapo ndipo nilipofanya upuuzi mdogo uliozaa mengine yote: badala ya kumwambia "habari za kazi" kama mtu mwenye akili zake, nikamwanza kwa Kiingereza. Akanitazama kidogo, naye akajibu kwa Kiingereza.

Alinieleza maisha yake ya mpira, nami nikaokota nilichoweza: Kupro, Ujerumani, Uswidi, Australia, daraja la tatu, daraja la nne, msimu mmoja hapa, nusu msimu pale, mara nyingi benchi, mchana kiwandani, jioni mazoezini. Alisema yote bila kujificha, akakubali kuja kutuchezea. Mimi ndiye niliyeona hayatoshi, nikarudi Mkata nikatangaza kwamba nimepata mtu wa ligi kuu Ulaya.

"Anajua Kiswahili?" akauliza Mzee Mhina, mwenyekiti wetu.

"Hata neno moja, mzee. Lakini mimi naelewana naye vizuri."

(Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Hakuna!)

Siku ya mechi Mkata ilifurika, wafugaji wametoka huko mbugani, mabasi yamesimama na abiria wameshuka kuja kumwona mtu wa Ulaya. Stavro akateremka kwenye lori na kitambi chake, miaka thelathini na sita, akawakusanya wachezaji akaongea Kiingereza, kidole kwa Hamisi, namba sita. Neno alilotumia, "hold", nililijua: kushika. Nikamwambia Hamisi, "Anasema umshike mshambuliaji wao." Kumbe kwenye mpira neno lile maana yake ubaki nyuma ulinde nafasi! Hamisi, mtiifu kupita kiasi, dakika ya kumi akamshika mshambuliaji wa Magoma jezi ndani ya boksi mpaka ikachanika. Penalti. Bao.

"Nani kakutuma?" Mzee Mhina akafoka.

"Mzungu!" akajibu Hamisi.

Stavro akageuka kunitazama, nami nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu (nilikuwa nimevaa kandambili). Watazamaji nao wakaanza: "Huyu ndiye wa ligi kuu? Mbona anapiga pasi fupi fupi kama anagawa karanga?"

Mapumziko, diwani aliyekuwa mgeni rasmi akaomba Mgiriki atusalimie kwenye kipaza sauti. Ningekimbilia wapi? Stavro akasema taratibu kwamba hakuwahi kuwa mchezaji mkubwa, yeye ni fundi tu anayependa mpira. Hilo nililielewa lote, na bado nikatafsiri: "Anasema amecheza ligi kuu nchi nne, na kipindi cha pili mtamwona!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Stavro akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Shikamooni wazee," akasema. "Mimi sikusema hivyo."

Jamani. Kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi akaeleza kwamba amezaliwa Korogwe, baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya mkonge, waliondoka serikali ilipochukua mashamba, amecheza timu ndogo ndogo tu, na penalti ile anaiombea radhi. Akamalizia na salamu ya Kizigua. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mhina hakucheka.

"Omari, toka uwanjani. Tena utoke mbali."

Kipindi cha pili nilikichungulia nyuma ya lori. Stavro akawapanga vijana kwa Kiswahili chake hichohicho, "wewe kaa hapa, wewe nenda kule," na zile pasi za karanga zikaanza kueleweka, tukasawazisha. Bao la pili halikuja. Magoma wakapanda.

Nikamfuata Stavro akivua viatu, nikamuuliza kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake, kwa nini hakuniambia tangu gereji.

"Ulianza wewe," akasema. "Nikaona unapenda Kiingereza. Na Kiswahili changu cha kitoto, nikaona aibu." Akakung'uta mchanga kwenye soksi. "Miaka kumi na minne nimecheza ugenini, makocha wanafoka, sielewi. Leo mara ya kwanza nacheza nyumbani, wewe unaniletea mkalimani."

Tangu hapo jambo nikilijua nusu nasema silijui, na nisiyemfahamu, awe na rangi gani, namsalimia Kiswahili kwanza. Ukatibu nilivuliwa wiki ileile. Stavro akawachezea misimu miwili zaidi, na katibu aliyeshika nafasi yangu Kiingereza hajui kabisa. Walielewana vizuri sana.