Nilivyopata chumba Temeke kwa kulala mbele ya jeneza

Wakuu, marahaba kabla hamjanisalimu. Haya ni kweli tupu, chumvi daktari alishanikataza.

Mwaka 1955, nina miaka kumi na tisa, nilishuka treni Dar kutoka Tabora. Shule niliishia darasa la pili. Nikapata kibarua cha magunia bandarini, usingizi nikawa naupata kwenye vibaraza vya watu.

Mara salamu ikaja: shemeji yangu anamleta mke wangu, Kalunde. Asipokuta chumba, anageuka naye.

Nikazunguka Temeke yote. Nyumba za udongo na makuti, ukumbi katikati, kupika uani. Harufu ya makuti yaliyolowa mvua naitafutaga mpaka leo.

Kila mlango jibu moja: kapera hatumtaki.

Bi Mwanahawa, Mzaramo, chumba alikuwa nacho. "Mke wa mdomoni huyo! Mlete nimwone."

Ishu ikawa hiyo. Mke haji bila chumba, chumba hakitoki bila mke.

Wiki ileile akafiwa na mama yake. Nikaenda. Nyie siku hizi msiba ni sare na picha. Sie Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, na mtani ana kazi yake msibani: kuzuia maiti na kuchekesha wafiwa.

Jeneza linatoka, nikajilaza mlangoni.

"Haendi mtu! Bibi huyu mliyembeba kaniahidi chumba!"

Wabebaji wakacheka. Bi Mwanahawa, hajatia kitu mdomoni tangu jana, akaja ukumbini.

"Mnyamwezi wee, ondoa miguu yako inayonuka magunia!"

"Siondoi. Nina mke njiani."

"Haya, chukua kile cha karibu na choo, ndicho saizi yako!"

Akacheka. Halafu ndipo akalia, kilio kilichokuwa kimemkwama.

Nikajua ni utani tu. Kesho yake akaniita: "We mtani, chumba hukitaki?"

Shemeji alikichungulia, akaguna, akamwacha dada yake.

Somo: mwenye nyumba mjue kwenye shida yake, sio siku ya kodi tu. Nyie mna dalali na simu, jina la jirani hamlijui. Semeni hapa, chumba chenu cha kwanza mlikipataje?

Leo nina nyumba ya matofali hapahapa Temeke, kiwanja Boko, bajaji mbili, na mbuzi. Chumba cha karibu na choo nampaga kapera.

Kalunde katangulia. Siku tunamtoa, mjukuu wa Bi Mwanahawa, mtu mzima na mvi zake, alikuja akajilaza mlangoni kwangu.

Nilicheka, wakuu. Halafu ndipo nikalia.