Bomba la Gitau na Hewa ya Moto

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana nilipokuona umefungua boneti kuwaonyesha wenzako bomba jipya linalong'aa, mwili ulinisisimka. Kaa hapa kidogo nikueleze jambo la baba yako kabla hujazaliwa. Yeye mwenyewe hapendi kulisema, lakini mimi dada yake nilikuwa ndani ya gari.

Baba yako, Gitau, alikuwa amenunua gari lake la kwanza, kuukuu lakini zima kabisa. Jumamosi moja akarudi nyumbani Dagoretti kutoka River Road mjini Nairobi na bomba la aluminiamu la kuvutia hewa ya injini, mwishoni lina filta ya wazi mfano wa uyoga. Bomba la plastiki lililokuja na gari, pamoja na boksi lake jeusi la filta, akaling'oa na kulitupa nyuma ya banda la kuku la nyanya yako. Kisha akakanyaga mafuta. Lo! Gari likanguruma mpaka majirani wakachungulia.

"Sikia hiyo, Wambui," akaniambia. "Sasa ndio inapumua."

Nami nikaamini. Kelele kama zile, utaachaje kuamini?

Siku chache baadaye tulikwenda kumchukua nyanya yako mjini. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya ukungu, kila mtu amevaa sweta. Pale Adams Arcade jam ya magari ilikuwa imesimama kabisa, tukakaa tukisogea inchi kwa inchi, injini inaunguruma tu. Tulipochomoka, mbele yetu kwenye mlima kulikuwa na lori la ng'ombe likijikokota kuelekea machinjioni. Gitau akaangalia, akaona njia iko wazi, akatoka kulipita.

Mwanangu, gari halikwenda. Lilipiga kelele za ajabu, lakini halikwenda. Nilitazama dirishani nikaona pua ya ng'ombe kati ya mbao za lori. Nikafumba macho, nikafumbua, pua ni ile ile. Mbele basi likatokea likiwasha taa na kupiga honi. Nyanya yako akalitaja jina la Yesu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani. Dereva wa lori, Mungu ambariki popote alipo, akakanyaga breki, tukapenya. Tukafika nyumbani.

Nyanya yako alingoja ashuke, akajifunga lesso vizuri, ndipo akaanza.

"Wewe Gitau, hii gari ilikuwa inapanda hapo vizuri kabla ya hiyo bomba."

"Mathe, hiyo ni petroli mbaya tu. Hii bomba inaongeza nguvu, kila mtu anajua," Gitau akamjibu mama yetu.

"Imeongeza wapi? Mimi nimekodolewa macho na ng'ombe mpaka nikajua sura yake!"

Gitau akacheka, na kicheko kile kiliniogofya kuliko basi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunakwenda Naivasha kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yetu, na dereva wetu ni yeye. Ndani angekuwa nyanya yako, na mama yako pia, aliyekuwa na mimba yako. Kurudi ni kuupanda ule mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya malori. Nilimsihi aling'oe lile bomba, akakataa katakata.

Nyanya yako hakusihi. Aliingia kwenye chumba cha vifaranga akatoka na kipimajoto chake, kile chenye waya mrefu na kioo kidogo cha namba. Kwa mfugaji wa kuku kile kitu ni roho. Kifaranga wa siku moja akizidiwa na joto, au akipigwa na baridi, unamwokota asubuhi amekauka.

"Funga hiyo waya hapo gari inavutia hewa," akamwambia Gitau. "Halafu turudi kwa jam."

Waya ukapitishwa dirishani, tukaenda, nyanya yako nyuma ameshika kioo akisoma namba kwa sauti. Tulipokuwa tukikimbia zilikuwa za chini, na Gitau akaanza kutabasamu. Tukaingia kwenye foleni.

"Thelathini na tatu. Hapa vifaranga wangu wako sawa," akasema. "Arubaini. Hapa wameanza kuhema." Kisha sauti yake ikabadilika. "Gitau, inakaribia sitini!"

Nilishtuka nikamnyang'anya kioo nijionee. Nje watu wametia mikono mifukoni kwa baridi, na gari letu linavuta hewa ya tanuri! Tukaegesha, Gitau akafungua boneti, akaligusa lile bomba lake. Aliruka nyuma akipuliza vidole. Filta ilikuwa imekaa nyuma ya radieta, karibu na injini, ikivuta joto lile lile linalotoka hapo. Hewa ya moto ni nyepesi, na hii ya Nairobi, juu sana kutoka usawa wa bahari, ni nyepesi tayari; injini ikivuta hewa nyepesi inakosa nguvu. Injini haikuwa imezimika siku ile. Ilipungukiwa nguvu kidogo tu, na kidogo hicho ndicho tulichokihitaji.

Tukarudi nyumbani, akarudisha lile bomba la plastiki na boksi lake baya, tukaenda foleni ile ile. Namba hazikufika hata thelathini. Mdomo wa plastiki ile ulikuwa umejificha kando ya taa ya mbele, ukivuta hewa baridi kabla haijaguswa na injini.

Tukaegesha tena, na baba yako akaketi kwenye ukingo wa barabara. "Ningewaua," akasema. "Mathe, ningewaua wote."

"Uliuza baridi ukanunua kelele," akajibu nyanya yako. "Amka twende."

Jumamosi tulikwenda Naivasha. Wakati wa kurudi tulikwama nyuma ya lori, na mara mbili njia ikawa wazi kabisa. Gitau hakutoka. Alilifuata lori lile mpaka juu, na nyanya yako akasinzia begani kwa mama yako.

Sikukatazi kulipenda gari lako, mwanangu. Lakini kabla hujang'oa kitu, uliza kwanza kilikuwa kinakufanyia nini, hata kama kina sura mbaya. Ukitaka bomba, hakikisha mdomo wake unafika kwenye hewa ya nje. Na ulipime kwenye jam, maana huko ndiko unakoishi, si kwenye barabara tupu ya alfajiri. Usilipite lori kwa nguvu ulizosimuliwa na wenzako.

Mungu akutangulie kila unapowasha gari. Akupe jicho la kuona na moyo wa kungoja, na kila unayempakia afike kwake salama, akisinzia kama nyanya yako siku ile.