Sajini Auma na Kalamu Nyekundu

Ipo asubuhi moja, Atim mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka kwa aibu. Ngoja nikumiminie chai kwanza. Au mimina mwenyewe, birika lenyewe si zito.

Nilikuwa konstebo kijana, karani katika kituo kimoja cha polisi upande huu wetu wa Makindye. Kazi yangu ilikuwa kuandika orodha ya gwaride na kuibandika mlangoni. Aliye mzima nilimwandika kwa wino wa buluu, mgonjwa kwa wino mwekundu. Kalamu zote mbili zilikaa mfukoni mwangu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli, kana kwamba mimi ndiye ninayewapa watu afya na maradhi.

Pale kituoni tulikuwa na Sajini Auma, mjane mwenye watoto watatu, aliyekaa nao katika chumba kimoja cha kambi. Alikuwa ameumwa tumbo kwa miaka, vidonda na damu, kama wewe ulivyoumwa. Mwishowe madaktari wakautoa utumbo mpana wote, wakamwachia kitundu ubavuni na mfuko wa kupokea choo, kama huo wako. Alikaa nyumbani miezi kadhaa, kisha akarudi kazini amekonda, kola ya shati inamcheza shingoni. Sisi vijana tulimtazama kwa macho ya mazishi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu.

Basi ikaja barua ikitangaza kwamba kamanda mpya anakuja kukagua gwaride. Kila mtu alijua maana yake. Atakayekutwa ameandikwa mgonjwa siku hiyo ataondolewa kazini na kurudishwa kwao, na chumba cha kambini kitapewa mwingine. Kila mtu alijua, isipokuwa mimi karani, niliyeisoma barua yenyewe kwa haraka. Nilipokuwa naandika orodha ya siku hiyo, nikafika kwenye jina la Auma, nikaona huruma. Nikasema moyoni, huyu mama atasimama vipi juani na tumbo lile? Nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika jina lake vizuri, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Nikajiona nimetenda wema.

Kesho yake asubuhi, ukaguzi ukiwa bado siku kadhaa, Auma alikuja mpaka mezani kwangu, ile orodha mkononi, amekwisha kuibandua mlangoni.

"Wewe kijana, hii nyekundu ni ya nani?"

"Afande, nilikuonea huruma."

"Uliniuliza?"

Nikainuka kitini.

"Mimi walinikata utumbo," akasema polepole. "Miguu hawakukata. Kichwa hawakukata. Sasa wewe umekata jina yangu. Unajua watoto yangu watalala wapi?"

Ndipo akanieleza ile barua ilisema nini. Weee! Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. Akasema msamaha hautamsaidia, akaniita nimfuate.

Tukaenda hadi nyuma ya stoo, penye tangi la maji. Chini palikuwa na njia iliyokanyagwa kulizunguka tangi, nyasi zimekufa kabisa. Ni yeye aliyeikanyaga. Kila siku, wakati sisi tumekwenda kula, alikuwa anapiga gwaride pale peke yake. Alianza mfuko ukiwa mtupu, kisha ukiwa na kitu ndani, ili ajue unavyocheza akigeuka na akipiga mguu chini. Alikuwa amempelekea fundi cherehani wa kambini suruali yake, ikapandishwa kiunoni ili mkanda upite juu ya kitundu usikibane. Alikuwa amejua chakula gani kinamletea maji matupu na kipi kinatulia, amejua akila saa ngapi atasimama bila wasiwasi saa ngapi. Matoke na wali vilimkubali. Mahindi ya kuchoma, ambayo aliyapenda kuliko kitu chochote, aliyaacha tangu siku yalipomziba tumbo na kumrudisha hospitali. Na mifuko siku hizo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, si kama leo. Alijishonea kitambaa cha kuishikilia isivutike, akakifua na kukianika kila siku kama leso ya kawaida.

Nilisimama pale nikaitazama ile njia. Mwanangu, nimewaona watu wengi hodari, wengine wamepewa nishani, lakini sijaona kazi iliyonitia heshima kama ile njia ya kuzunguka tangi. Na mimi nilitaka kuifuta kwa mstari mmoja wa kalamu.

Nikarudi, nikaandika orodha upya kutoka jina la kwanza, nikaipeleka kwa mkuu wa kituo na kukiri kosa langu. Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi za kiwanja chote, juma zima.

Siku ya ukaguzi ikafika, jua kali. Kamanda akapita mbele yetu akitazama vifungo na viatu. Sote kimya, mguu sawa. Alipofika karibu na Auma, kile kitundu kikatoa sauti. Si kidogo! Unajua mwenyewe kinavyoweza kumtia mtu aibu bila kubisha hodi. Kamanda akasimama.

"Nani huyo?"

Auma hakutikisa hata kope.

"Ni tumbo yangu, Afande! Ilifanyiwa operesheni, bado haijajifunza amri!"

"Na wewe je?"

"Mimi najua amri, Afande!"

Kamanda akakaza midomo ili asicheke, akaendelea na mwingine. Auma alibaki kazini mpaka akastaafu kwa heshima, na watoto wake walikulia kambini pale pale.

Lile juma la kufyeka nyasi, unajua nani aliniletea maji? Ni yeye. Chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo, kama aliyokunywa yeye kila siku, maana bila utumbo mpana maji yanamtoka mtu upesi. "Kunywa kidogo kidogo," akaniambia, "usingoje kiu." Halafu akanicheka nilivyoshika panga.

Sasa nakuja kwako. Wewe unadhani sioni, lakini naona. Siku ile hospitalini muuguzi alipokuachia ubadilishe mfuko mwenyewe mara ya kwanza, mikono yako haikutetemeka. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu, kumbe nalia. Nimeona unavyoosha ile ngozi taratibu, unavyotafuna chakula hadi mama yako anamaliza kuosha vyombo. Nakustahi, binti yangu. Nakuambia waziwazi kwa sababu sisi wazee huwa tunayaficha maneno haya mpaka mazishini.

Na jana nilikosa tena, au nilikaribia. Ulikuwa umejilaza mchana, simu yako ikalia, nikapokea. Ni yule mama mwenye duka la kuchapisha kule Wandegeya. Anasema wanafunzi wamejaa na tasnifu zao, mashine ya kujalidi inakungoja, daktari amekwisha kukuruhusu kazi nyepesi, je, Jumatatu utarudi? Nikafungua mdomo nimwambie bado mgonjwa, tafuta mwingine. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, Atim, katika umri huu! Nikajizuia, nikamwambia utampigia mwenyewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usimpe mtu yeyote kalamu ya kuandika jina lako, hata anayekupenda, hata mimi. Mwambie mtu mmoja pale dukani unayemwamini, ajue ukiinuka ghafla unakwenda wapi. Mkobani weka mfuko wa akiba, na ule uliouvaa umwage kabla haujajaa. Wakikuletea maboksi ya karatasi ya kubeba, kataa, kwa sababu tumbo bado halijashikana vizuri. Ukichoka sema umechoka, kuchoka si aibu. Na siku ukiona mfuko umekaa mtupu, tumbo linasokota na unatapika, usijifanye Sajini Auma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hata Auma alikwenda. Tumbo likitoa sauti mbele ya wanafunzi, waambie bado halijajifunza amri. Na ukiona Jumatatu ni mapema mno, sema hivyo pia, lakini useme wewe.

Mungu akupe nguvu za kusimama na akili ya kuketi inapobidi. Akujalie watu watakaokuuliza kabla ya kukuhurumia. Na mimi baba yako anizuie mkono.

Simu yako hii hapa. Mimi natoka nje nisisikie utakalomjibu.