Uvimbe Wangu Uliozikwa Mara Mbili

Ulianza kama punje ya mtama, chini ya ngozi ya kidole changu cha shahada, mkono wa kulia. Hauumi, hauwashi. Nikauchukulia kama mgeni aliyekuja kulala siku mbili. Wakati huo nilikuwa nashona kofia ya viua ya mchumba wangu, maana kwetu binti aliyeposwa humshonea bwana harusi kofia kwa mkono wake, na kila kitundu hukizungushia uzi mpaka kiwe kama jicho la dagaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye kofia nilijiona mwalimu mkuu.

Punje ikawa kunde, kunde ikawa kokwa ya zambarau. Sindano ikawa haishikiki. Bibi yangu, aliyenilea kule Mwera, akakigeuza kidole huku na huku kama anayechagua ndimu sokoni.

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "kidole hiki kina mimba. Baba yake nani?"

"Labda sindano, bibi."

"Basi sindano ilete mahari."

Tulicheka, lakini kesho yake tukapanda basi kwenda Tanga, tukafikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Makorora, na asubuhi tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mgeni, akisema Kiswahili chake polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema uvimbe utolewe, kisha nyama yake itazamwe kwa darubini. Mingi ya namna hiyo haina neno. Ukiwa ule mbaya, kidole kitakatwa kutoka shinani.

Bibi akaruka. "Kidole cha shahada? Atashuhudia kwa kipi?"

Mimi nikacheka. Nikiogopa huwa nacheka, ndiyo tabia yangu. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuiona kofia ya mchumba wangu imeishia nusu, anaivaa hivyo hivyo siku ya harusi, upande mmoja viua, upande mwingine upara.

Nilichomwa sindano ya ganzi, na uvimbe ukatoka mzima, wa manjano na kahawia, kama kipande cha halua. Dresa, mfunga vidonda, akautia katika kichupa chenye dawa inayochoma pua, akaziba. Alikuwa kijana wa Muheza, mwenye maneno mengi.

"Dada, kipeleke maabara, mlango ule wa mwisho."

Mkono wangu umefungwa bendeji, mwingine umeshika cheti cha dawa. Bibi akakipokea kichupa. Mimi nikaenda kupanga foleni dirishani, na niliporudi bibi ameketi kwenye benchi, mikono mitupu.

"Nimeshughulikia," akasema. Sikuuliza kwa namna gani.

Ningalipaswa kuuliza. Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa, nywele na kucha hufichwa, jino likitoka halitupwi ovyo. Kitu kilichokuwa mtu hakiachwi mikononi mwa watu usiowajua. Mimi nayajua hayo tangu sijaota meno, na bado nilimkabidhi bibi yangu kipande cha mwili wangu nikadhani atakipeleka mlango wa mwisho! Keshoye akaaga kwamba anakwenda Mwera kutazama kuku wake. Akarudi jioni, ana udongo kwenye kucha na uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Baada ya wiki tukarudi kutoa nyuzi. Daktari akauliza, "Nyama iko wapi? Maabara hawakuletewa kitu."

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama dari.

"Nimeizika," akasema.

Dresa akashika kiuno. "Umeizika! Na matanga mmekaa siku ngapi?"

"We mtoto, nyamaza. Nimeiviringisha kwa bafta nyeupe ya sanda, nikaifukia penye mnazi kilipozikwa kitovu cha mjukuu wangu. Kwani ulitaka niitupe?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema bila ile nyama hajui alichokitoa. Ama angoje aone kama uvimbe utaota tena, na kama ni ule mbaya, kungoja ni kuupa nafasi. Au akate kidole sasa, kuwa na hakika.

Hapo sikucheka. Bibi akaniona sicheki, akasimama kabisa.

"Mama," daktari akamuuliza, "ile chupa uliifungua?"

"Niifungue, ninuke mimi? Nimezika na chupa yake."

Dresa akapiga makofi mpaka wagonjwa wakageuka. Daktari akasema maneno ya kwao, kisha akatuambia nyama ndani ya dawa ile haiozi, twende upesi tukaifukue.

Basi tukarudi Mwera. Bibi alichimba kwa kijembe kidogo, mimi nimechuchumaa namwomba Mungu chupa isiwe imepasuka. Bafta ilitoka imekuwa rangi ya chai. Ndani yake kichupa kizima, na halua yangu inaelea, haina habari.

"Toka," bibi akaiambia. "Unaitwa mjini."

Tulingoja siku kumi. Kwa tahadhari nilijaribu kushona kwa kidole cha kati, viua vikatoka vimepinda kama vinakonyeza. Mchumba wangu alileta salamu kwamba hata nikishona kwa meno ataivaa. Nilizirudia salamu hizo moyoni mpaka zikachakaa.

Siku ya majibu daktari alitupeleka mwenyewe kwenye darubini. Akasema mwili ni chembe ndogo ndogo, na kila moja ina kiini kimoja, kama yai. Uvimbe wangu una chembe kubwa mno, majitu, zenye viini kumi hadi ishirini ndani ya ganda moja. Nikachungulia. Niliona waridi na zambarau, na katikati sinia kubwa lililojaa tende.

"Majitu haya ni mapole," akasema. "Si saratani. Kidole ni chako. Ila yanaweza kurudi, ukiona punje uje."

Nikalihurumia lile jitu, lina mioyo ishirini na nyumba yake ni kidole cha mshona kofia. Bibi hakuwa na huruma hiyo. Alikwisha kunyoosha mkono.

"Iliyobaki nipe."

Daktari akamtazama dresa, dresa akatazama dari. Tukapewa kichupa.

Safari hii nilichimba mimi, penye mnazi ule ule, na udongo nikaukandamiza kwa kidole changu cha shahada.

"Kanawe," bibi akasema. "Utaichafua kofia ya watu."