Jembe, Nyumba na Kiti cha Petro

Nakumbuka siku moja tulipompigia kampeni Papa, mwanangu. Kampeni kabisa, ya jembe na nyumba! Umeniletea simu yako unionyeshe makadinali wanaotajwa kurithi kiti cha Petro, na nimekusikia ukimcheka yule mwenye mashavu. Hebu izime kidogo. Nami nilikuwa na umri kama wako, na kicheko kama hicho nusura kinikoseshe mama yako.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, hapa hapa Rangwi. Baba Mtakatifu alikuwa amefariki, na redio ya duka la kijiji ikasema makadinali watafungiwa ndani mpaka wampate mwingine. Wacha wewe! Vijana wa kwaya hatukuwa na habari nyingine. Sasa uchaguzi tuliokuwa tunaujua sisi ni ule wa mbunge: wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, basi. Kwa hiyo siku ya kuchambua viazi ghalani nikabandika ukutani ukurasa wa gazeti la kanisa wenye picha za makadinali, ndogo kama stempu, nikatangaza mkutano wa kampeni.

Jembe nilimpa kadinali mmoja wa kwetu Afrika. Nyumba, rafiki yangu Beda akampa Mwitaliano mmoja mwembamba, mwenye miwani na tabasamu. Kura zilikuwa punje: hindi kwa jembe, haragwe kwa nyumba, unatumbukiza kwenye debe.

Nilimnadi wangu mpaka jasho likanitoka. Huyu analijua shamba! Huyu akichaguliwa, Misa ya Roma itapigiwa ngoma! Watu wakashangilia, na ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini nilichungulia debe, nikaona maharage yanazidi mahindi. Nikamrukia mtu wa Beda.

"Na huyu mzee mkavu je?" nikapaza sauti. "Huyu kutoka Soni kule chini mpaka huku anapandishwa kwa machela! Mnataka Papa au mnataka mgonjwa?"

Nikashika kiuno, nikachechemea nikizunguka magunia. Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Halafu kicheko kikakatika ghafla, nikageuka.

Mlangoni alikuwa amesimama babu yako, Mzee Damiani, katekista wetu, na mkongojo wake. Alikuwa mwembamba vilevile, na mguu mmoja mbovu tangu ujana, lakini kila wiki aliupandisha milima na kuushusha kwenda kufundisha dini vigangoni, kwenye vikanisa vya mbali. Na Jumapili iliyotangulia padre alikuwa ametusomea tangazo la kwanza la ndoa, mimi na binti yake Vironika. Matangazo ni matatu, unajua. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana uchungu umeshaanza!

"Shikamoo, baba," nikasema, mkono ungali kiunoni.

"Marahaba." Akanyoosha mkongojo kwenye ile picha ukutani. "Na mimi je, mwanangu? Siku nikishindwa kupanda, utanibeba, au utawachekesha wenzako?"

Akaondoka.

Jumapili tangazo letu la pili halikusomwa. Padre alisoma ya wengine, akafunga daftari. Nilipogeuka upande wa wanawake, mama yako alikuwa ameinamisha kichwa, anajifuta machozi kwa khanga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje ya kanisa akaniambia neno moja tu, "Baba anafikiri," akaenda zake. Beda akanishika bega. "Mgosi, mwanamume wewe, umekwisha!"

Siku zikapita, na siku moja redio ikatangaza: moshi mweupe! Tulirundikana dukani mtu juu ya mtu. Jina lilipotajwa, Beda aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kenchi ya paa. Mwitaliano mwembamba! Yule wa machela! Mama yangu wee, nilishika kichwa, nikacheka, na nikafurahi, mwanangu, furaha ya kweli, maana Kanisa lilikuwa limepata baba. Ndipo nikakumbuka kwamba babu yako yuko kigango cha ng'ambo ya bonde, kusiko na redio. Nikasema habari hii naipeleka mimi mwenyewe, hata akinifukuza.

Nilikimbia mteremko wote na mlima wa pili, Beda na wanakwaya wawili nyuma yangu. Nilimkuta babu yako amekaa nje ya kikanisa cha udongo, mguu umevimba, hawezi kuukanyaga.

"Shikamoo, baba. Tumepata Papa!"

"Marahaba. Yupi?"

Nikapiga magoti. "Yule niliyemwita mgonjwa. Nisamehe, baba."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kofia ikamdondoka! "Machela uliitaja mwenyewe," akasema. "Basi ilete."

Tulikata miti, tukafunga blanketi, tukambeba vijana wanne, jembe na nyumba pamoja. Mlima ule ulinitoa roho. Kila tukitaka kupumzika anauliza kutoka juu, "Vipi, mnabeba Papa au mgonjwa?" Tunacheka, tunaendelea. Kanisani alikataa kushushwa mpaka apige kengele kwa mkono wake. Na Jumapili iliyofuata tangazo la pili likasomwa.

Papa yule hakukaa. Mwezi mmoja tu akafariki, nikamlilia kama mzazi. Makadinali walipofungiwa tena tulicheza tena, ila babu yako akaweka sharti: kabla ya kumnadi wako, msifu wa mwenzako mpaka mwenzako aridhike. Lo, mchezo ukanoga maradufu! Na aliyechaguliwa alitoka nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitupia punje.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Shangilia mtu wako mpaka sauti ikauke. Ila usimpandishe kwa kumkanyaga mwingine. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyo unayemcheka leo huenda kesho ukamwita Baba. Mimi yalinipata mara mbili, Roma na hapa nyumbani.

Mungu akujalie kicheko kisichomwumiza mtu, akujalie na mabega ya kuwabeba wazee wako. Haya, washa simu. Tuanze na yule mwenye mashavu. Msifu kwanza, nikusikie.