Mwaka Niliokataa Kata ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha kuonjea kahawa, Moshi mjini, nilirudishwa nyumbani kabla sijagusa kijiko. Nilikuwa nimejipaka mafuta mazuri, nimesuka, najiona mtu wa ofisini kweli kweli. Mwonjaji Mkuu, mzee mrefu wa koti jeupe, alinipokea mlangoni, akanusa. "Binti, rudi chumbani kwako Njoro ukaoge kwa maji matupu, uje kesho. Hapa anayenukia ni kahawa peke yake." Nilinuna njia nzima.

Ninyi vijana mnaopiga picha vikombe vya kahawa mgahawani, sikilizeni kazi ilivyokuwa. Kahawa ya mkulima ililetwa kama sampuli, yaani konzi chache kutoka kwenye magunia yake. Ilikaangwa, ikasagwa, ikamiminiwa maji ya moto katika vikombe visivyo na jina. Mwonjaji alichota kwa kijiko, akaivuta kwa mlio ili ienee ulimi mzima, kisha akaitema kwenye ndoo. Hapo alitaja uchachu, yaani ule mchomo kama wa limau, na uzito, yaani jinsi inavyojaa mdomoni, na kasoro kama ipo. Mimi nimelelewa Kibosho na mama aliyekuchapa ukisikika unakunywa uji. Kuvuta kwa mlio mbele ya wanaume kulinisumbua kuliko kasoro zote za kahawa.

Mwonjaji Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Baada ya Krismasi, kabla ya mwaka mpya, kila mwanafunzi alionja meza nzima ya vikombe peke yake, kisha akaulizwa swali moja: "Mwaka huu umekua wapi?" Ukipita, Januari unapewa kiti mezani. Usipopita, unaendelea kuosha vikombe. Mwaka wa kwanza nilijibu kwamba nimekua katika kuheshimu wakubwa.

"Hiyo ulikuja nayo kutoka kwa mama yako," akasema. "Unangoja wenzako waseme ndipo na wewe useme. Kaoshe vikombe."

Mwaka uliofuata niliolewa, hapo hapo Kibosho. Siku ya pili ya Krismasi tulikuwa kihambani, kwenye shamba la migomba la baba mkwe, ukoo wote umerudi kutoka Dar na Arusha, mbuzi ameshachinjwa. Baba mkwe aliionja kwanza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kama ilivyo desturi, akaninyooshea kata ya kibuyu. Kwetu mke wa mwana hakatai kata ya mzee. Ukiikataa umemdharau mbele za watu, tena umemtilia shaka. Lakini mbege hutiwa msesewe, gome la mti lenye uchungu, na kwangu mimi uchungu ule hukaa ulimini mpaka kesho yake. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya meza yangu. Nilikitaka kile kiti kuliko kitu chochote.

"Baba, naomba unisamehe. Leo siwezi kunywa."

Mume wangu akaangalia viatu vyake.

"Unaumwa?"

"Hapana, baba. Kesho nina kazi ya ulimi. Nikinywa msesewe sitaonja vizuri."

"Kazi gani hiyo? Si unawapikia wageni chai huko mjini?"

"Naonja kahawa, baba. Hiyo hiyo mnayoipeleka chama cha ushirika. Nikikosea, mkulima amehangaika bure."

Alinitazama. Mzee huyu alilima kahawa tangu ujana wake, na alichokunywa ni chai ya maziwa. Hatimaye akampa kata shemeji yangu aliyekuwa pembeni. "Mpeni maji huyu," akasema. "Ana kazi kesho."

Kesho yake nilionja meza nzima bila kumtazama mtu usoni. Swali lilipokuja, nikajibu, "Nimekataa mbege ya baba mkwe, mbele ya ukoo." Mwonjaji Mkuu naye alikuwa mtu wa mlimani kwetu, hakuhitaji maelezo. Alicheka mpaka akavua miwani, akanivutia kiti.

Nilionja kahawa mpaka nilipostaafu mwaka huu. Nilipelekwa Mbinga, nikapelekwa Mbeya, nikarudi Moshi nikiwa Mwonjaji Mkuu, na swali lile nikawauliza wengine. Wengi walinijibu kwa cheti walichopata. Niliwaambia cheti ni kizuri, lakini kukua kunaonekana siku unaposema unachokijua na sauti inataka kukukimbia. Kila Krismasi kata ilipofika kwangu, baba mkwe aliipitisha. "Ana kazi kesho," alisema, hata nikiwa likizo.

Krismasi hii mzee anatembelea fimbo, ila msesewe bado anautwanga mwenyewe. Akaninyooshea kata. "Kesho huna kazi."

Nikanywa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Ikoje?" akauliza. Mashemeji wote wakanikazia macho, nikajua jibu walilolitaka.

"Ulezi umeiva vizuri, baba. Msesewe umezidi."

Akawageukia wanawe. "Mnasikia? Miaka yote mnakunywa, mnanisifia tu." Kisha akaipokea kata, akaionja tena taratibu, akatikisa kichwa kukubali. "Huyu ndiye niliyekuwa namngoja."